Carl Auer von Welsbach: Mkemia wa karabai aliyeacha mwanga katika chumba cha eksirei

MGONJWA anayefika katika Hospitali ya Level 5 ya Embu akiwa amevunjika mkono, au yule anayepelekwa katika Hospitali ya Consolata ya Kyeni baada ya kukohoa kwa wiki kadhaa, huelekezwa katika chumba chenye mlango mzito. Huambiwa avue chochote cha chuma alichokivaa, asimame wima na kushika pumzi, na kabla hajahesabu tatu kazi imekwisha. Hasikii joto wala haoni chochote. Mionzi imepita mwilini mwake, na upande wa pili kuna kitu kilichoiona kwa niaba ya daktari.

Jicho la binadamu haliwezi kuiona eksirei, na filamu ya picha huinasa kwa shida sana. Sharti katikati kuwe na mkalimani, yaani bamba ambalo likipigwa na mionzi hutoa mwanga wa kawaida ambao filamu au kamera inaweza kuupokea. Tangu miaka ya 1970 mabamba mengi ya aina hiyo yametegemea kundi la elementi zinazoitwa udongo adimu. Siku hizi watafiti wa nchi mbalimbali wanazitia elementi hizo hizo ndani ya kioo ili kupata vifaa vya kupimia mionzi na kupigia picha ambavyo ni rahisi kuunda na vya bei nafuu.

Mtu aliyefanya kazi kubwa kuliko wengi kuitoa elementi hizo katika chupa za maabara na kuzipeleka sokoni alifariki mwaka wa 1929. Jina lake, Carl Auer von Welsbach, halitajwi sana Embu. Hata hivyo, kazi ya mikono yake iliingia katika nyumba, makanisa na vibanda vya huko miaka mingi kabla ya nyaya za umeme kufika, kwa kuwa ndiye aliyevumbua kile kifuko cheupe cha nyuzi kinachofungwa ndani ya karabai.

Auer alizaliwa jijini Vienna, makao ya himaya ya Austria, mnamo Septemba 1, 1858. Baba yake, Alois Auer, alikuwa mkuu wa kiwanda cha uchapishaji cha serikali ya kifalme, na alikuwa mvumbuzi kwa haki yake mwenyewe. Mzee huyo alijulikana kwa mbinu ya kuchapisha picha ya jani la mti kwa kutumia jani lenyewe: alilibana kati ya bamba la chuma cha pua na bamba la risasi, likaacha alama ya kila mshipa wake, na alama hiyo ikawa muhuri wa kuchapia. Kitinda mimba wake basi alikulia katika nyumba ambamo kupata picha ya kilichofichika lilikuwa jambo la kila siku. Mwaka wa 1860 mfalme alimpa mzee Auer cheo cha kiungwana, na hapo ndipo familia ikaanza kuitwa von Welsbach. Baba huyo alifariki mwaka wa 1869, kijana akiwa na umri wa miaka 10.

Baada ya utumishi mfupi jeshini, Carl alijiunga na chuo kikuu cha Vienna, kisha mwaka wa 1880 akavuka mpaka hadi Heidelberg, Ujerumani, kusoma chini ya Robert Bunsen. Mwanafunzi yeyote wa kemia katika Shule ya Kangaru, au shule nyingine yoyote ya upili nchini, amewahi kuwasha kichomi chenye jina la mzee huyo. Lakini sifa kubwa ya Bunsen ilikuwa nyingine. Pamoja na mwenzake Gustav Kirchhoff, alikuwa ameonyesha kwamba kila elementi ikichomwa hutoa mistari ya rangi ambayo ni yake peke yake, kama alama ya kidole. Aliyejua kuisoma mistari hiyo angeweza kuitambua elementi hata ikiwa ni chembe tu. Auer aliipata shahada yake ya udaktari mwaka wa 1882 na kurudi Vienna akiwa na ujuzi huo, pamoja na hamu kubwa ya kuchunguza madini ambayo wakemia wengi walikuwa wamechoka nayo.

Madini hayo ndiyo udongo adimu, na jina lenyewe linapotosha. Seriamu, mojawapo ya elementi hizo, inapatikana katika ukoko wa dunia kwa wingi unaokaribiana na ule wa shaba. Taabu ni kwamba elementi hizo hukaa pamoja, hufanana kitabia, na huyeyuka na kuganda karibu sawasawa, hivyo kuzitenganisha ni kazi ya kuvunja moyo. Mwaka wa 1841 Mswidi Carl Gustaf Mosander alidhani amepata elementi moja mpya, akaiita kwa neno la Kigiriki lenye maana ya pacha, kwa kuwa ilikuwa haibanduki kwa jirani yake lanthanamu. Kwa miaka zaidi ya 40 vitabu viliiorodhesha didimiamu hiyo kama elementi kamili.

Auer hakuridhika. Aliziyeyusha chumvi za didimiamu, akazipasha moto, akaziacha zigande kuwa fuwele, akazichuja, kisha akaanza upya kwa fuwele zile na kwa maji yaliyobaki. Aliirudia kazi hiyo zaidi ya mara 100. Mkulima wa Mbeere aliyewahi kupepeta nafaka zilizochanganyika ataielewa subira hiyo: kila mrusho mmoja wa ungo hubadilisha mchanganyiko kidogo tu, na asiyevumilia huona kama hakuna kinachotokea. Katika maabara ya Auer kilichotokea hatimaye kilionekana kwa macho. Upande mmoja wa safu ya vyombo vyake palikuwa na chumvi za kijani, na upande wa pili chumvi za rangi ya waridi iliyokaribia zambarau.

Mnamo Juni 1885, akiwa na miaka 26, alitangaza mbele ya Chuo cha Sayansi cha Vienna kwamba pacha wa Mosander alikuwa amezaa mapacha. Wa kijani alimwita praseodimiamu na wa pili neodimiamu. Baadhi ya wataalamu walisitasita kuyakubali matokeo hayo ya kijana asiye na cheo. Mwalimu wake Bunsen, aliyezijua chumvi hizo kuliko wengi wao, aliyakubali.

Uvumbuzi wa karabai ulitokana na kazi hiyo hiyo. Ili kuiona vizuri mistari ya rangi ya elementi zake, Auer alilowesha nyuzi za pamba katika chumvi hizo na kuziweka katika moto wa kichomi cha Bunsen. Pamba iliungua ikaisha, lakini jivu halikuanguka. Lilibaki limesimama kwa umbo lile lile la uzi, na likawaka kwa weupe mkali. Wengi wangelifuta jivu hilo na kuendelea na shughuli. Auer aliona ndani yake taa.

Hataza yake ya kwanza ilitolewa mwaka huo huo wa 1885. Wakati huo majiji ya Ulaya yaliangazwa kwa gesi ya makaa ya mawe, ambayo moto wake ulikuwa wa manjano na hafifu, na balbu ya Thomas Edison ilikuwa imeanza kuwatisha wenye makampuni ya gesi. Auer alinunua kiwanda katika kitongoji cha Atzgersdorf na kuanza kuunda vifuko vya lanthanamu, zirkoniamu na magnesiamu. Vilikuwa na mwanga wa kijanikijani ulioufanya uso wa mtu ufanane na wa maiti, navyo vilivunjika kwa mguso mdogo tu. Wateja walivikataa, na mwaka wa 1889 kiwanda kikafungwa.

Kushindwa huko ndiko kulikomfikisha kwenye jambo linaloubeba mkasa huu wote. Akishirikiana na mkemia Ludwig Haitinger, alirudi maabara na kujaribu thoriamu. Mwanzoni vifuko vya thoriamu vilitoa mwanga mzuri. Basi akafanya ambalo mkemia yeyote mwangalifu angelifanya: akaisafisha zaidi thoriamu yake. Badala ya kuongezeka, mwanga ulipungua, na kadiri alivyozidi kusafisha ndivyo taa ilivyozidi kufifia. Uchafu aliokuwa akiuondoa ndio uliokuwa ukiwaka. Ulikuwa ni seriamu. Alipoirudisha kwa vipimo tofauti aligundua kwamba asilimia 1 ya seriamu ndani ya asilimia 99 ya thoriamu ndiyo ilikuwa bora kuliko vipimo vyote. Ikizidi, mwanga huharibika, ikipungua, huharibika vilevile. Kila mpishi wa githeri anajua habari ya kiasi cha chumvi kinachotosha.

Jioni ya Novemba 4, 1891 taa mpya ziliwashwa nje ya mkahawa mmoja karibu na jumba la opera la Vienna. Safari hii watu hawakucheka. Katika miaka michache vifuko vya Auer vilienea katika barabara za Ulaya, vikatumia gesi kidogo na kutoa mwanga maradufu, na vikaichelewesha balbu ya umeme kwa karibu miaka 20. Baadaye watengenezaji wa Ujerumani na Marekani walikifunga kifuko hicho katika taa za mafuta ya taa zinazopigwa pampu, na taa hizo ndizo zilizovuka bahari na kufika Afrika Mashariki.

Haihitaji uzee mwingi kuikumbuka karabai. Iliangazia harusi, mikesha ya maombi, matanga na masoko ya jioni, na katika Ziwa Victoria wavuvi waliitumia kuwavutia omena usiku wa giza. Katika iliyokuwa wilaya ya Embu mambo yalikuwa na kinaya chake. Mto Tana ulijengewa mabwawa ya Kindaruma, Kamburu, Gitaru, Masinga na Kiambere kati ya mwaka wa 1968 na 1988, na umeme wake ukasafirishwa hadi Nairobi na Mombasa, huku vijiji vingi vya Mbeere vinavyoyatazama mabwawa hayo vikiendelea kuwasha taa za mafuta kwa miaka mingi.

Jambo ambalo Auer hakulijua mwaka wa 1891, wala mtu mwingine yeyote duniani, ni kwamba thoriamu hutoa mionzi. Hilo liligunduliwa mwaka wa 1898 na Mjerumani Gerhard Schmidt na, akifanya kazi peke yake jijini Paris, Marie Curie. Kifuko kilichoning'inia juu ya meza ya chakula kilikuwa, kwa kiasi kidogo, kitu chenye mionzi. Hatari kwa mwenye nyumba ilikuwa ndogo, hasa alipoepuka kuvuta vumbi la kifuko kilichovunjika, lakini wafanyakazi wa viwanda walioishika thoriamu kutwa nzima walikuwa katika hali tofauti. Tangu miaka ya 1990 watengenezaji wakubwa wameiacha thoriamu na kutumia ytriamu, ambayo pia ni ya ukoo wa udongo adimu.

Utajiri ulipomjia, Auer hakuketi kuuhesabu. Mwaka wa 1898 alipata hataza ya balbu yenye uzi wa osmiamu, metali inayostahimili joto kali mno. Ilikuwa ghali na uzi wake ulikatika upesi, lakini ilifungua njia ya nyuzi za metali ambazo balbu zilizitumia kwa karne iliyofuata. Jina la biashara la Osram, linaloonekana hadi leo kwenye pakiti za balbu, liliundwa kwa kuunganisha osmiamu na wolframu. Mwaka wa 1901 Mfalme Franz Joseph alimpandisha cheo cha uungwana.

Kisha kulikuwa na tatizo la taka. Thoriamu ilitolewa katika mchanga mzito uitwao monazaiti, na baada ya thoriamu kuchukuliwa, marundo ya seriamu na jamaa zake yalibaki nyuma ya kiwanda bila mnunuzi. Mwaka wa 1903 Auer alichanganya metali hizo na chuma, akapata kijiwe ambacho kikikwaruzwa hutoa cheche. Kijiwe hicho ndicho kilicho ndani ya viberiti vya gesi vyenye gurudumu vinavyouzwa katika kila duka kutoka Runyenjes hadi Siakago. Kampuni aliyoianzisha Treibach, katika jimbo la Carinthia kusini mwa Austria, ingali ipo.

Kiwanda cha Atzgersdorf nacho kilipata kazi ambayo mwanzilishi wake hakuitarajia. Himaya ya Austria ilimiliki migodi ya urani ya Joachimsthal, ambako ndiko mabaki yaliyowapa akina Curie radiamu yao yalikotoka. Kati ya 1904 na 1907 Chuo cha Sayansi cha Vienna kilikipa kiwanda hicho takriban tani 10 za mabaki ya urani yachakatwe. Haitinger na mwenzake Karl Ulrich waliyapika, wakayachuja na kuyagandisha mara kwa mara, kwa mbinu zile zile za udongo adimu, na mwishoni wakapata radiamu ya takriban gramu 3. Tani 10 kwa gramu 3: asiyekuwa na subira ya mpepetaji asingaliianza kazi hiyo.

Gramu hizo zilibadilisha sayansi. Mwaka wa 1908 Vienna ilimkopesha sehemu yake Ernest Rutherford, aliyekuwa Manchester, Uingereza. Katika chumba chenye giza wasaidizi wake waliketi wakihesabu vimweko vidogo vya mwanga kwenye skrini ya salfaidi ya zinki, kila kimweko kikiwa ni chembe moja ya mionzi iliyotua. Kutokana na hesabu hizo Rutherford alitambua mwaka wa 1911 kwamba atomu ina kiini. Kwa maneno mengine, dunia ilijifunza umbo la atomu kwa kutazama kitu kinachong'aa kikipigwa na mionzi.

Lakini miaka hiyo hiyo ilimletea Auer uchungu. Tangu mwaka wa 1905 alikuwa ameeleza kwamba elementi iliyoitwa yterbiamu ilikuwa kwa hakika elementi mbili, na alikuwa akikusanya ushahidi kwa mwendo wake wa kawaida, yaani polepole. Mwaka wa 1907 Mfaransa Georges Urbain alichapisha matokeo kama hayo, akaiita elementi mpya lutetiamu, kutokana na jina la kale la jiji la Paris. Auer aliiita kasiopiamu. Kila mmoja alimshuku mwenzake kwa kuchelewa au kudokoa. Mwaka wa 1909 kamati ya kimataifa ya uzani wa atomu ilimpa ushindi Urbain, ambaye yeye mwenyewe alikuwa miongoni mwa wanakamati. Wakemia wengi wa nchi zinazosema Kijerumani walikataa, wakaendelea kuandika kasiopiamu kwa takriban miaka 40 zaidi. Sampuli za Auer zilikuwa safi zaidi, na kwa kuangalia nyuma ni vigumu kutomwonea huruma.

Hata hivyo mpinzani huyo aliona jambo ambalo linaihusu moja kwa moja hadithi ya eksirei. Urbain alionyesha kwamba elementi nyingi za udongo adimu hazing'ai zikiwa peke yake. Zinang'aa pale ambapo chembe chache za moja zimetawanywa ndani ya nyingine. Mwingereza William Crookes, aliyekuwa ameona ming'ao hiyo kabla yake, alikuwa amedhani kila rangi ni elementi mpya, akajikuta na orodha ndefu ya elementi ambazo hazipo. Kumbe ilikuwa ni kanuni ile ile ya kifuko cha karabai: kidogo ndani ya kingi.

Kanuni hiyo ilichukua muda mrefu kuingia hospitalini. Wilhelm Röntgen alipoigundua eksirei mjini Würzburg mnamo Novemba 1895, kilichomshtua ni kipande cha karatasi kilichopakwa chumvi ya bariamu na platini, ambacho kiling'aa gizani ingawa taa yake ilikuwa imefunikwa. Mwaka uliofuata Edison alipendekeza tungisteti ya kalsiamu, na hiyo ndiyo iliyotumika katika mabamba ya hospitali kwa miaka 75 hivi. Iling'aa kwa udhaifu, kwa hiyo mgonjwa alihitaji kupigwa mionzi mingi ili picha ionekane. Gharama ya ujinga wa siku hizo ilijulikana mapema. Msaidizi wa Edison, Clarence Dally, aliyekuwa akijipima mikono yake mwenyewe mbele ya mashine, alikatwa mikono na kufariki mwaka wa 1904, na bosi wake akaiacha kabisa kazi ya eksirei.

Mapema katika miaka ya 1970 ndipo mabamba ya udongo adimu yalipowasili. Mashuhuri zaidi ni la gadoliniamu iliyochanganywa na oksijeni na salfa, ambamo hutiwa chembe chache za terbiamu. Atomu za gadoliniamu ni nzito, hivyo huinasa eksirei badala ya kuiacha ipite. Kisha nguvu ile hupokelewa na terbiamu, nayo huitoa tena kama mwanga wa kijani. Kwa kubadilisha bamba tu, bila kubadilisha mashine, hospitali ziliweza kupunguza mionzi anayopokea mgonjwa kwa nusu au hata zaidi. Kwa mtoto anayepigwa picha ya kifua mara kadhaa, au mama mjamzito aliyepata ajali, nusu hiyo si hesabu ya vitabuni.

Kioo ndiyo hatua inayoshughulikiwa sasa. Mabamba ya unga hutawanya mwanga na kuifanya picha iwe na ukungu, na fuwele kubwa zisizo na dosari ni ghali kukuza. Kioo huyeyushwa, humiminwa katika umbo lolote na hata huvutwa kuwa nyuzi nyembamba zinazopeleka mwanga moja kwa moja hadi kwenye kamera. Udongo adimu unaafikiana nacho kwa sababu ya siri iliyomo ndani ya atomu zake. Elektroni zinazohusika na mwanga zimekaa ndani, zimekingwa na elektroni za nje, mfano wa mtu aliye katika chumba cha ndani cha nyumba ya kuta nene asiyesikia kelele za sokoni. Hivyo terbiamu iliyo ndani ya kioo hutoa kijani kile kile inachokitoa ndani ya fuwele. Ni sababu hiyo hiyo iliyomwezesha Auer kuisoma mistari ya neodimiamu kwa uwazi wa kushangaza.

Vioo vya lithiamu vilivyotiwa seriamu vimetumika kwa miongo mingi kutambua nutroni. Vioo vyenye terbiamu hutumika katika baadhi ya vifaa vya kukagulia vyuma na vya kupigia picha za eksirei. Seriamu pia hutiwa katika vioo vya madirisha mazito ya vyumba vya mionzi, kwa kuwa huzuia kioo kisigeuke kahawia. Udhaifu upo: kioo kwa kawaida hutoa mwanga mchache kuliko fuwele bora, na ndiyo maana bado hakijaziondoa sokoni.

Kuhusu elementi iliyogombaniwa, nayo imepata makao. Mashine nyingi za kisasa za kutafuta saratani mwilini kwa kutumia dawa yenye mionzi, ambazo mgonjwa wa Embu husafiri kilomita 120 hivi hadi Nairobi kuzifikia, zina fuwele za lutetiamu zilizotiwa seriamu kidogo. Elementi ambayo Auer alinyang'anywa jina lake na elementi iliyowasha taa yake zimefungwa pamoja katika pete moja inayomzunguka mgonjwa.

Palipo na udongo adimu pana pia swali la nani hufaidika nao. Mchanga uliolisha viwanda vya Auer na washindani wake ulitoka Brazil, na baada ya 1909 Travancore kusini mwa India, ambako mkemia Mjerumani aliutambua ukiwa umenata kwenye kamba za makumbi ya nazi. Fukwe hizo zilichotwa mchanga, na faida ikabaki palipokuwa na maabara. Kenya ina mlima wake wa aina hiyo, Mrima katika kaunti ya Kwale, wenye niobiamu, udongo adimu na thoriamu ya kutosha kuufanya uwe na mionzi ya asili iliyo juu kuliko kawaida, na ambao pia ni kaya takatifu ya Wadigo. Leseni iliyotolewa kwa kampuni ya Cortec ilifutwa na serikali mwaka wa 2013, na mwaka wa 2018 mahakama ya kimataifa ya usuluhishi iliamua kwamba kampuni haikustahili fidia kwa kuwa leseni hiyo ilikuwa imekiuka sheria za mazingira. Huko Gakara, Burundi, Wabelgiji walichimba udongo adimu tangu miaka ya 1940, na madini yakaondoka yakiwa ghafi.

Auer mwenyewe alizeeka mbali na kelele hizo. Alijijengea kasri karibu na Treibach, akaoa mwaka wa 1899 na kupata watoto, akapanda waridi na miti ya matunda, lakini chumba alichokithamini kuliko vyote kilikuwa maabara yake. Vita Vikuu vya Kwanza viliivunja himaya aliyozaliwa ndani yake. Yeye aliendelea kugandisha chumvi. Sampuli alizozisafisha alizigawa kwa watafiti wa nchi mbalimbali, wakiwemo wa nchi zilizokuwa maadui wa nchi yake. Francis Aston wa Cambridge alizitumia kupima uzito wa atomu za udongo adimu.

Hakuwahi kuunda bamba la eksirei, na hakuna dalili kwamba aliwahi kufikiria kutia chumvi zake katika kioo ili kiione mionzi. Alichokiacha ni mbinu za kuzitenganisha, kiwanda cha kuzizalisha kwa tani, na ule ugunduzi wa asilimia 1. Alifariki katika kasri lake mnamo Agosti 4, 1929, akiwa amebakiza mwezi mmoja kutimiza miaka 71.

Miaka 27 baadaye Austria iliiweka sura yake kwenye noti ya shilingi 20 za nchi hiyo. Noti hiyo ilikwisha kuondolewa zamani, na shilingi ya Austria yenyewe ikafuata mwaka wa 2002 ilipopisha yuro. Vifuko vya karabai bado vinauzwa.